Mukono ya Maman Chef

Kwanza mujue: banc ya kukalia ni yangu. Mimi njo nilitafuta mbao, mimi njo nilipigilia misumari, mimi njo niliiegemeza kwa ukuta wa duka yangu ya kushona viatu hapa Kamalondo, na kila siku ya Mungu mimi njo napiga kelele kwamba bantu wanakalia gundi yangu. Hawasikii. Jua ikianza kulegea, Maman Feza anafika na termosi zake za kahawa ya tangawizi, anapanga vikombe juu ya ndoo aliyoipindua, na mbele nimalize kupiga semelle moja chini ya kiatu, banc imeshajaa. Ju ya hiyo kazi wananiita Papa Semelle. Stanislas tunamuita Ministre: anavaa veste hata kwa joto ya mwezi wa kumi, na kila neno analianza na "sisi ba serikali", kumbe serikali yake yote ilikuwa kupiga muhuri kwa ofisi ya komini mupaka pensheni. Yuma tunamuita Réseau. Anatengeneza telefone ng'ambo ya barabara, na habari zake zinakatika katikati, unabaki unasema alo, alo. Mulenga peke yake hana jina ya utani. Kazi yake inatosha: anabeba chuma ya moto.

Anatumika kwa fonderi moja kwenye barabara ya Kipushi. Pale wanayeyusha chuma ya zamani ndani ya tanuru, wanaimwaga kwenye kalibu ya mchanga, na inatoka vipande vya mashine za migodi. Ile chuma iliyoyeyuka inabebwa ndani ya kitu wanaita poche, sufuria nene yenye fimbo ndefu, muntu mumoja mbele na mumoja nyuma. Wa mbele njo anaamua mwendo. Akili yake ikitoka kidogo, wote wawili wanaungua. Mulenga anabeba mbele tangu zamani, na ju ya hiyo sisi hapa tunamuachiaka upande wa kivuli.

Ile siku alifika uso umevimba. Hakusalimia. Alijitupa moja kwa moja juu ya gundi yangu.

— Mulenga, gundi! nilipiga kelele.

— Achana na gundi, Papa Semelle. Leo nimepepeta mchanga.

Hata Réseau aliweka telefone chini. Kwa fonderi, kupepeta mchanga ni kazi ya muntu aliyeingia juzi, bado hajui hata kufunga kasike yake ya kichwa. Kumupa Mulenga chujio ni sawa na kunipa mimi kazi ya kupaka viatu vya batoto wa shule kiwi.

— Nani alikupeleka kwa mchanga? Ministre aliuliza.

— Maman Chef.

Aah! Maman Chef. Hapa lazima nieleze, kwa sababu huyu mama hajawahi kukaa kwa banc yangu, lakini kila jioni jina yake inapita hapa. Anaitwa Chilufya. Ni mufupi, sauti yake ni ndogo, na yeye njo anaongoza ekipe ya tanuru, wanaume watupu. Sisi bantu wa Lubumbashi tunasalimiana na mukono, hiyo haina ajabu. Ukifika kazini na uketi bila kupana mukono, watasema umeamuka na kisirani. Lakini ya Maman Chef iko tofauti. Kila asubuhi, mbele tanuru ifunguliwe, anapita kwa kila muntu. Anavua glavu yake, anakungojea uvue yako. Anakushika mukono, anakuangalia usoni, anauliza: "Ulilala namna gani?" Na haachilii haraka. Kisha njo anasema utasimama wapi ile siku. Wewe mbele, wewe nyuma, wewe leo usikaribie moto. Hakuna kubishana.

— Leo alinishika, Mulenga alisema. Akanishika, akanishika, mpaka wenzangu wakaanza kuangalia pembeni. Kisha anasema: "Mulenga, leo usibebe. Mukono inatetemeka. Enda kwa mchanga, Musonda atashika mbele." Mbele ya bantu wote! Musonda! Mimi njo nilimufundisha Musonda kutembea na poche!

— Na ilikuwa inatetemeka? niliuliza.

— Mimi? Nitetemeke ju ya nini? Nililala muzuri. Nilikula. Bibi iko muzuri, batoto beko muzuri. Sinywi. Sina homa. Angalia!

Alinyoosha mukono juu ya vikombe vya Maman Feza. Haikutikisika hata kidogo. Ungeweza kuweka yai pale.

— Basi kesho asubuhi naingia kwa directeur, alisema. Nitamuambia: ao yeye, ao mimi.

Maman Feza aliacha kumimina.

— Utamutosha mama wa bantu kwa kazi yake, afukuzwe ju ya mchanga?

— Sitamutosha mimi. Directeur anatafuta njia siku nyingi. Anasema ile kusalimiana inamukulia wakati na inamukulia moto wa umeme. Anataka kuleta mashine ya kubonyeza kidole kwa mulango, unabonyeza, unaingia, kwisha. Alishatuambia: muntu mumoja tu wa ekipe akilalamika, anabadilisha chef. Basi huyo muntu ni mimi.

Mimi niliacha kupiga semelle. Kwa sababu Mulenga ni muntu wa kusema na kufanya, na huyo directeur, kwa vile tunavyomusikia, ni muntu wa kufanya mbele hujamaliza kusema.

— Polepole, petit, Ministre alisema, na alifunga kifungo cha veste. Mbele ya kulalamika, lazima ujue unalalamikia kitu gani. Sisi ba serikali tunajua hii mambo. Ile mukono imechanjwa.

— Imechanjwa!

— Imechanjwa. Alienda kwa muganga mumoja kule kando ya Luapula, akachanjwa katikati ya vidole. Sasa akikushika, siri yako inapanda kwa mukono yake mupaka kwa kiwiko.

— Mbona inakomea kwa kiwiko? Maman Feza aliuliza.

— Ikipita pale, anaugua.

— Mais non, Ministre! Réseau aliruka. Hiyo ni mambo ya zamani. Huyu mama iko na teknolojia. Hamujaona saa za mukono zenye kupima moyo? Yake wameiweka ndani, chini ya ngozi. Akikushika inasoma damu, inasoma ile ulikula jana, inasoma mupaka unité zenye kubakia kwa telefone yako.

— Hata unité?

— Hata zile za bonus.

— Nyinyi muko na akili ya kuku, Maman Feza alisema. Muntu anashika mukono ya mwenzake, ananyamaza, anangojea. Njo yote. Nyinyi mukishika mukono ya muntu, macho yenu imeshafika kwa kikombe.

— Maman Feza, na wewe uko upande yake?

— Niko upande ya kahawa yangu. Lakini wallahi, kama wanaume wote wa Kamalondo wangeulizwa kila asubuhi namna gani walilala, mimi ningeuza vikombe nusu. Nyinyi munakuyaka hapa kusema ile hamukuulizwa nyumbani.

Réseau hakupenda ile neno, akageukia Mulenga.

— Bwana, mimi siko upande ya muntu. Lakini ulisahau ile hadisi ya samaki?

— Usilete samaki hapa.

— Naleta! Ministre, wewe haukuwa hapa. Hawa wawili, Mulenga na Musonda, walikosana ju ya mpira. Derby. Walibeba poche moja siku nyingi bila kusemeshana, mumoja mbele na mumoja nyuma na chuma ya moto katikati, na kinywa imefungwa. Maman Chef aliwashika mukono asubuhi, akajua. Unafikiri aliwakaripia? Hata. Unafikiri aliwaita kwa bureau? Hata kidogo. Saa ya kula aliweka ugali, bukari moja, sahani moja, samaki moja, katikati yao. Akaenda zake. Donc… donc…

Akakatika pale pale, kama kawaida yake. Tulimungojea. Mulenga mwenyewe njo alimaliza, na macho yake chini.

— Huwezi kula bukari na muntu kwa sahani moja na ukamunyamazia. Utachukuaje mboga? Utasukumaje? Tulikaa tunaangalia ile samaki mupaka ikapoa. Kisha Musonda akaikata. Alinipa upande wa tumbo.

— Upande wa tumbo!

— Upande wa tumbo, wenye mafuta. Nikasema aksanti. Ikakwisha.

Ministre alitikisa kichwa kwa heshima kabisa, utafikiri wamesoma hotuba.

— Na mupwa wangu? alisema. Yule aliyefika kazini na lutuku inanuka mupaka kwa mulango. Chef mwingine angemufukuza mbele ya bantu, na bibi yake angejua mbele jua ifike juu. Maman Chef alimushika mukono, akamuambia: "Leo wageni wanakuya, enda usimame kwa portail uwapokee." Mupwa wangu alisimama pale, wima, shati ndani ya suruali, mupaka saa sita. Hakuna mugeni aliyekuya. Hapakuwa na mugeni. Pombe ilimutoka kwa jua, na heshima yake ilibaki. Toka ile siku hajagusa lutuku siku ya kazi. Chanjo, ninawaambia! Ile ni chanjo!

Pale na mimi nikashindwa kunyamaza. Nilitosha misumari kwa kinywa.

— Hakuna chanjo, hakuna saa chini ya ngozi, nilisema. Muniache niseme, mimi njo nashona viatu vya ile ekipe. Huyu mama hakuzaliwa vile. Mulenga, sema kama ninaongopa: alipopewa uchef, alikuwa namna gani?

— Alikuwa anapiga kelele, Mulenga alikubali.

— Kelele! Ile sauti ndogo munayosikia leo, ni sauti iliyokwisha kwa kelele. Aliogopa wanaume watamudharau, basi akawa mukali kuliko wote. Ukiuliza, anakufokea. Ukichelewa kumwaga, anakufokea mara mbili. Na kila muntu alifanya haraka, na directeur alifurahi. Siku moja Anaclet, mumoja wa ekipe, alifika na poche mbele ya kalibu, akaona mchanga una maji. Munajua chuma ya moto ikikuta maji?

— Inaruka, Réseau alisema, na akashika shingo yake.

— Inaruka. Anaclet alijua. Aliona maji kwa macho yake. Lakini nyuma kulikuwa sauti: "Mwaga! Mwaga! Unangojea nini?" Akamwaga. Ile alama yake ya shingo munaiona wenyewe. Maman Chef alienda kumuona kwa hospitali, akamuuliza: "Kwa nini haukuniambia kama kuna maji?" Anaclet alimujibu, na yeye mwenyewe alinisimulia hapa, kiatu yake kwa magoti yangu: "Niliona, Maman. Lakini niliogopa sauti yako kuliko moto."

Hakuna aliyekunywa.

— Angeweza kukasirika, nilisema. Angeweza kusema Anaclet ni mujinga. Ba chef wangapi wangesema vile? Yeye alirudi kazini, na asubuhi yake akaanza na mukono. Ya kwanza kabisa bantu walimucheka. Alikuwa anashika vibaya, anauliza na haya, hajui aweke macho wapi. Mulenga, ni uongo?

— Ni kweli. Tulidhani ameokoka.

— Akafundishwa na ekipe yenyewe, pole pole. Huyu akinyamaza, iko na hasira. Huyu akicheka sana, kuna mutoto mugonjwa nyumbani. Alijifunza bantu wake kama mimi nilivyojifunza ngozi, kwa kuharibu ya kwanza. Toka pale, muniambie, nani ameungua kwa ile tanuru?

— Hakuna, Mulenga alisema kidogo-kidogo.

— Hakuna! Basi unaenda kusema nini kwa directeur?

Mimi nikifika pale huwa nasimama. Nilisimama kweli, na nyundo mukononi. Mbele Mulenga ajibu, Réseau akaona nafasi.

— Kuna kingine hamujui. Siku moja jenereta yao ilikataa kuwaka. Fundi amechoka, amekaa chini. Maman Chef alivua glavu, akaweka mukono juu ya ile mashine, akauliza: "Ulilala namna gani?" Ikawaka!

— Muongo!

— Muulize Mulenga, alikuwa pale.

— Iliwaka, Mulenga alisema. Lakini nilikuwa nimetoka kutia mafuta, mazout.

Tulicheka mupaka Maman Feza akafuta macho na kitambaa chake. Ministre alikuwa wa mwisho kuacha.

— Wangemupa hii inchi asubuhi moja tu, alisema. Asubuhi moja! Apange ba deputé wote wa bunge kwa mustari, glavu chini, mumoja mumoja. "Ulilala namna gani, Honorable?" Haki ya Mungu, tungekuwa na mchanga safi kuliko Afrika yote.

Mulenga alicheka na yeye, nikaona uvimbe wa uso wake umeanza kushuka. Lakini nyuma ya kicheko uchungu ulirudi.

— Muzuri, alisema. Nyote munamusifu. Na mimi ninamusifu, siku zote nimemusifu, mimi njo nililetaka hizi habari hapa. Njo maana inaniuma! Kama anajua bantu hivyo, kwa nini leo asinijue mimi? Mukono yangu haikutetemeka.

— Labda unaficha kitu, Ministre alisema.

— Sifichi.

— Labda unakificha hata kwako mwenyewe. Ile chanjo inaona mbali.

— Tafuta, Réseau alimuhimiza. Tafuta vizuri. Hakuna hata kitu kidogo?

Mulenga alitafuta. Ilikuwa huruma kumuangalia, mwanaume muzima anakuna kichwa akitafuta shida.

— Mukwe wangu anakuya kesho kutwa, alisema. Atakaa.

— Njo hiyo!

— Atakaa siku ngapi?

— Hakusema.

— Yezu! Mukono lazima itetemeke!

— Lakini mimi ninamupenda mukwe wangu, Mulenga alisema, na tukaona ni kweli, na tukabaki bila kitu.

Basi Réseau akaomba amushike mukono yeye mwenyewe, ajaribu. Akashika. Akasema anasikia joto. Ministre akashika, akasema anasikia sugu za mikono tu, ngumu kama kuni. Mimi nilishika mukono ya Ministre kwa kukosea, na tukaachana haraka, kila mumoja na haya yake. Kumbe kumushika muntu na kungojea ni kazi. Unaona aibu mbele yake. Unataka kusema kitu chochote ili uachilie.

Pale njo alifika yule binti.

Alikuwa na kitambaa ya jikoni bado kwa kiuno na vumbi ya barabara mupaka kwa magoti. Hatukumujua. Mulenga alimujua: ni Abigaël, anapika kwa kantini ya fonderi, alianza kazi hapo juzi-juzi.

— Jambo ba papa. Jambo Maman. Ya Mulenga, kaka, tunakutafuta. Telefone yako haipite.

— Niliizima.

— Maman Chef iko na kilio.

Maman Feza alisema "Inna lillahi" na akashika kifua.

— Kilio ya nani? Mulenga aliuliza.

— Mudogo yake, ule wa mwisho kwa mama yao, yeye njo alimulea. Alikufa Kipushi, usiku. Walimupigia telefone mbele kukuche.

— Usiku gani?

— Usiku wa kuamukia leo.

— Lakini leo alikuya, Mulenga alisema. Alikuya kazini. Alitusalimia.

— Alikuya, Ya Mulenga. Tanuru ilikuwa imeshawashwa toka jana, chuma iko ndani, hapakuwa muntu mwingine wa kuongoza. Alingojea mumwage yote mupaka ya mwisho. Bantu wakanawa, wakatoka, wewe njo ulitoka wa kwanza. Kisha njo aliingia kwa directeur, akasema iko na kilio, na hapo akakaa chini kwa sakafu. Mimi njo nilimupa maji.

Mulenga alinyanyua mukono yake ya kuume, akaiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena.

— Kulikuwa kutetemeka, alisema. Nilikusikia. Nilifikiri ni kitu changu, kisha nikasema hapana, mimi niko muzuri, ananionea tu. Ilikuwa mukono yake.

— Akafikiri ni yako, Maman Feza alisema.

— Akafikiri ni yangu. Na akanitosha kwa moto.

— Basi hata kukosea, alikosea akikulinda, mwana yangu. Mimi sijaona chef wa namna hiyo. Alihesabu bantu wote wa ekipe, akajisahau peke yake. Na kesho, kwa directeur?

— Directeur gani, Maman? Mulenga alisema.

Abigaël alikuwa anaangalia barabara.

— Camionnette inatungojea kwa kona, ekipe yote iko ndani, alisema. Tunaenda kwake sasa, tukae naye. Mimi niko mupya, sijue. Walisema uliza Mulenga, yeye ni wa zamani. Nyumba yake iko avenue gani?

Mulenga alifungua kinywa.

— Hewa Bora, alisema. Anashukaka Hewa Bora.

— Hewa Bora ni kubwa, Ya Mulenga. Avenue gani?

Mulenga hakuijua, na sisi hatukuijua. Anaclet alipofiwa na mutoto, Maman Chef alifika kwa kilio mbele majirani wafike. Bibi yangu alipokufa, alikuya hapa Kamalondo, mimi ambaye ni mushona viatu wao tu. Alikaa kwa mukeka na bamama, asubuhi akaosha sufuria zangu, na hakuna aliyemuelekeza njia. Ya kwetu wote aliijua. Abigaël aliniangalia mimi. Mimi nilimuangalia Ministre, na Ministre aliangalia ndani ya kikombe. Réseau alitosha telefone akaanza kufinya-finya, anatafuta nini, anajua mwenyewe.

— Wamupigie, wamuulize, alisema.

— Wamuambie nini? Maman Feza alimujibu kwa ukali. Pole ya kilio, Maman Chef, tuelekeze kwako, hatujafika hata siku moja?

Mulenga alikuwa amesimama, ameshika mukono yake ya kuume na ile ya kushoto.

— Kila asubuhi ananiuliza, alisema. Na leo, na ile maiti kwa roho yake, aliniuliza. "Mulenga, ulilala namna gani?" Nilimujibu: muzuri.

— Na yeye? Abigaël aliuliza. Ulipomuuliza "na wewe, Maman?", alikujibu nini?

— Sijawahi kumuuliza, Mulenga alisema, na akaanza kutembea kuelekea camionnette.